Kisu Kisichotakiwa Kukata

Jumamosi, 5 Agosti 2006

Leo nimefanya biashara ya maisha yangu na hakuna mtu hata mmoja ninayeweza kumwambia. Ndiyo maana naandika.

Niliondoka hapa Uthiru asubuhi nikimvuta beberu wa Kuria. Kuria ndiye anayetaka kumwoa binti yangu Ciru. Ana kazi, ana adabu, ana suti mbili, lakini anaishi flati kule Mountain View na mwenye nyumba wake hataki mbuzi. Kwa hivyo mbuzi wa ngurario, yule ambaye Kuria atakata bega lake mbele ya wazee tarehe kumi na tisa ili Ciru awe mkewe kwa mila zetu, analelewa na nani? Na mimi. Baba ya msichana! Beberu mweusi, sikio moja jeupe, hana shukrani. Amekula sukuma wiki ya Hannah mke wangu. Amekula mkono wa sweta yangu nikiwa nimeivaa.

Hannah alinituma nimpeleke Kangemi akadungwe sindano ya minyoo. Sikufika kwa sindano. Karibu na soko, pale mama mmoja, Nzula, anapotandaza turubai lake la vitu vya zamani, makufuli yasiyo na funguo, mifereji, pasi za makaa, niliona kisanduku cha mbao. Ndani yake, juu ya kitambaa cha mahameli, kisu cha kukunja. Mpini wa pembe la paa. Kwenye bapa imechorwa treni. Na pale mpini unapokutana na bapa, kwa herufi ndogo za kuchongwa: 212/500.

Mimi si mtu wa kawaida. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha rangi kabla hawajanipunguza kwa wivu, na najua kwamba nambari ikichongwa kwenye kitu kuna sababu. Mia tano tu duniani. Nzula alisema kilitoka nyumba moja ya Loresho, mzungu mzee alipofungasha kurudi kwao. Nikamuuliza anataka nini. Alikuwa anamtazama mbuzi.

Sikuuza mbuzi, na naomba hilo lieleweke. Nimehamisha mtaji. Kisu nitamuuzia mtu wa mjini anayejua vitu, nitanunua beberu mkubwa kuliko huyu mla sweta, na kitakachobaki ni changu. Harusi ni wiki mbili kutoka leo. Mtu mwenye akili anahitaji siku tatu.

Hannah aliuliza mbuzi yuko wapi. Nikamwambia daktari wa mifugo amesikia kikohozi, amembakiza kwenye hospitali ya mifugo Kabete amwangalie. Akasema yeye hajawahi kumsikia akikohoa. Nikamkumbusha kwamba yeye si daktari.

Jumapili, 6 Agosti

Dedan amekuja kula, kama kila Jumapili. Dedan ni kaka yake Hannah, ana bucha Kangemi, na tangu nilipopoteza kazi hula kwangu kama mtu anayekagua. Nilimwonyesha kisu kwa sababu roho ilikuwa inaniuma kuwa na kitu kama hicho peke yangu. Nilisema nimepewa na rafiki wa kiwandani.

Alifanya nini? Alikifungua akapima makali kwa kidole gumba. Kidole cha muuza nyama! Kisha akakielekeza kwenye avokado. Nilimnyang'anya juu ya sahani, mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa cha meza.

"Shemeji, hii kisu haikati hata avocado," alisema. "Sasa ni ya nini?"

Nilimweleza kwa upole kwamba kuna visu vya kukata na kuna visu vya kuwa navyo. Hannah akasema kisu kisichokata ni kijiko. Walicheka wote wawili. Hata Ciru alitabasamu, na huyo nimemlea mwenyewe.

Nimekipangusa kwa pamba. Alama ya kidole cha Dedan bado naiona nikikiinamisha kwenye mwanga.

Jumanne, 8 Agosti

Mjini kwa utafiti. Nilianza kwenye saiba moja ya intaneti, ghorofani. Picha ya kisu ilifunguka polepole kutoka juu kuja chini, na muda wangu ukaisha nikiwa nimeona mpini tu. Nililalamika. Msichana wa pale akasema nikilipa tena nitaona na bapa. Huo ni wizi wa mchana.

Nikaenda kwa mtu anayejua. Karibu na Biashara Street kuna duka dogo la vitu vya kale, na mwenyewe ni Athman, mzee wa Lamu ambaye Kiswahili chake hunifanya nihisi sijafunga vifungo vya shati. Nikajitambulisha: Jamleck, mkusanyaji wa visu. Akaniangalia kidogo, akasema karibu.

Alivaa glavu nyeupe. Glavu! Akakifungua karibu na sikio, akasikiliza kile kichuma kikiita, tak. Akakifunga. Tak. Alisema springi ikiwa imechoka hailii hivyo. Akachungulia kama bapa linalala katikati ya mpini bila kugusa kando. Akatafuta muhuri wa fundi chini ya bapa, akaupata. Akageuza kisanduku, na chini yake kuna nambari ile ile, 212. Mwishowe akachukua lenzi akatazama makali kwa muda mrefu, akanionyesha mistari midogo ya kiwandani. Kisu hiki hakijawahi kugusa jiwe la kunolea hata mara moja.

Kisha akanitolea trei ya visu vingine ili nione tofauti. Vina tai, vina bendera, vina simba, na vyote vimeandikwa kwa dhahabu kwamba ni toleo maalumu. Akakwaruza dhahabu kwa ukucha, ikatoka. Kimoja kilikuwa na nambari yake kwa haki, lakini ya elfu hamsini. Athman alisema elfu hamsini si toleo, huo ni mkutano wa hadhara.

"Chako ni halisi, ndugu yangu," alisema. "Lakini sikiliza. Siku kitakaponolewa, siku hiyo hiyo kimekuwa cha jikoni. Usikifungue fungue. Usikitembeze. Na huyu aliyeweka dole lake hapa, usimkaribishe tena."

Dedan! Nilijua.

Yeye Athman hakinunui, duka ni dogo. Ila ana mteja, Bwana Naeem wa Lavington, anayekusanya visu vya treni peke yake na hana mchezo. Yuko Mombasa, atarudi Ijumaa ya tarehe kumi na nane. Ni siku moja kabla ya ngurario. Si shida. Beberu hununuliwa hata alfajiri.

Nimeficha kisanduku kabatini, chini ya mashati.

Alhamisi, 10 Agosti

Kuria alikuja jioni kutoka kazini na fungu la majani ya viazi vitamu begani, juu ya suti. Ya mbuzi. Amesikia anakohoa. Alikuwa na wasiwasi wa kweli usoni, jambo lililonikera. Mtu anayeposa kwangu anafaa kuwa na wasiwasi juu yangu.

Alisema wazee wao wanatoka mbali, Nyahururu. Kuna mjomba wake ambaye tangu mwanzo hataki msichana wa Nairobi, anatafuta tu sababu. Siku hiyo ikifika na hakuna mbuzi, atasema ni ishara mbaya, atawainua wenzake, wataondoka, na Kuria hajui kama atawapata tena. Ciru alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, anasokota ncha ya leso. Nikasema kwa sauti ya mwenye boma kwamba mbuzi yuko mahali salama kuliko sisi sote.

Kuria akaomba aende kumwona Jumapili. Nikasema daktari hapokei wageni. Ciru akauliza tangu lini mbuzi wakawa na saa za kuonwa. Sikumsomesha ili aje kuniuliza maswali nyumbani kwangu! Ikabidi niahidi kwamba Jumapili mbuzi ataletwa hapa kwa ruhusa ya daktari, kidogo tu, apate hewa.

Majani ya viazi nimeyasukuma chini ya kitanda. Hannah anauliza kwa nini chumba kinanuka shamba.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimeenda kwa Nzula kumkodi mbuzi wangu mwenyewe. Fikiria aibu hiyo. Nzula akasema alimuuza siku ile ile kwa mtu wa bucha, hata mimi sijafika barabarani. Bucha gani? Akasema Kangemi ina bucha nyingi kuliko makanisa, na yeye haandiki majina ya watu.

"Wewe ulitaka kisu, nikakupea kisu," alisema. "Si ni wewe ulisema hiyo mbuzi inakula masweta?"

Alikuwa anapanga pasi zake wakati wote huo, hakuniinulia hata uso. Huyo mwanamke hana utu. Nilipita bucha kadhaa nikitazama nyama zilizoning'inia, natafuta sikio jeupe, kana kwamba bega la mbuzi huning'inizwa na masikio yake. Ameliwa. Hilo sasa ni wazi.

Lakini mimi sishindwi. Jirani yangu Mwelu ana mbuzi mweusi, kimo kile kile. Amekubali kuniazima mchana mmoja na hakuuliza kwa nini, mwanamke mwenye heshima zake. Sikio nitalipaka ile rangi nyeupe ya raba za shule.

Jumapili, 13 Agosti

Mambo mawili sikuyafikiria. La kwanza, manyunyu. Agosti nzima Uthiru ni manyunyu, na bado yalinishtua. La pili, mbuzi wa Mwelu ni jike.

Kuria alimtazama kwa muda mrefu sana. Alimtazama mbele. Akazunguka, akamtazama nyuma. Kisha akauliza kwa heshima, "Baba, hii dawa daktari anampatia ni ya aina gani?"

Nikasema ni kali.

Sikio nalo likaanza kuchuruzika. Dedan, ambaye hakualikwa, alikohoa ndani ya kikombe mpaka chai ikamtoka puani. Hannah alikuwa jikoni, namshukuru Mungu. Ciru hakumtazama mbuzi hata kidogo. Aliitazama mikono yangu. Ilikuwa nyeupe hadi kiwikoni. Alimshika Kuria mkono akamwambia twende, mgonjwa anahitaji kupumzika.

Kuria aliniaga akaniambia pole na kazi, Baba. Adabu nyingine ni matusi.

Jumatano, 16 Agosti

Nimefanyiwa unyama, na sina wa kumshtaki.

Leo wanawake wa kikundi cha Hannah wamekuja kukusanya vyombo vya Jumamosi. Kila sufuria, kila mwiko, kila kisu kitakachotumika lazima kiwekwe alama ya mwenyewe, la sivyo sherehe ikiisha kila mmoja anaondoka na sufuria ya mwenzake na watu wanakosana miaka. Hilo nalijua. Sufuria zetu zote zina H.W. kwa rangi nyekundu, yaani Hannah Waithera. Visu havishiki rangi, kwa hivyo mpini huchomwa herufi kwa msumari uliotiwa kwenye jiko. Ni utaratibu mzuri. Sijawahi kuupinga.

Mimi nilikuwa kwa kinyozi, najiandaa kwa Bwana Naeem. Niliporudi nilisikia sauti nikiwa bado langoni. Kriii, kriii. Mwili wangu uliijua kabla ya akili. Mama Milcah, mwenyekiti wao, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wangu, sketi ameikunja magotini, ananoa kitu kwenye saruji. Kwa nguvu. Anatema mate kidogo, ananoa. Anapindua, ananoa upande wa pili.

Ile treni imebaki na mabehewa mawili. Mpini wa pembe la paa una H.W., herufi kubwa, za kuchomwa, bado zinatoa moshi. Na kilikuwa kimeshakatakata kitunguu kizima, kujaribiwa.

"Kilikuwa butu kabisa, Baba Ciru," alisema Mama Milcah. "Saa hii hata mfupa kinakata. Na usiniambie asante."

Ningesema nini? Nikieleza thamani ya kisu, wataniuliza nilikipata wapi. Nikisema nilikipata wapi, wataniuliza nilitoa nini.

Hannah alikuja akifuta mikono. Alikuwa amekiona chini ya mashati, ndani ya kisanduku chake, akadhani nimekinunua ili Kuria akatie bega la mbuzi siku ya siku, na kwamba nimekificha niwashtukize. Alikuwa na machozi. Alinishika shavu mbele ya wanawake wote wale. Hajanitazama hivyo tangu nilipopoteza kazi, na leo ananitazama hivyo kwa kosa! Iliniuma mara mbili.

Nikawahudumia chai wote. Mama Milcah alikunywa vikombe vitatu.

Ijumaa, 18 Agosti

Nilifikiri usiku kucha nikapata dawa. Kisu kilichoandikwa jina la mwenyewe wa kwanza kina historia, na historia huongeza thamani. Kwa hivyo nikamwambia Bwana Naeem, mbele ya Athman, kwamba H.W. ni Harold Winslow, mhandisi wa reli, aliyekibeba kutoka pwani hadi ziwani.

Bwana Naeem ni mtu mwembamba, sauti ya chini. Alitazama H.W. Akatazama mwaka uliochongwa karibu na muhuri wa fundi, ambao mimi sikuwahi kuuona. Akasema kisu kimetengenezwa mwaka wa 1985, na reli ilifika ziwani kabla ya babu yake kuzaliwa, kwa hivyo huyu mhandisi alichelewa kazini. Kisha akakinusa. Akauliza kama Bwana Winslow alikuwa anapenda vitunguu.

Kuna ganda lilikuwa limebaki kwenye bawaba. Mama Milcah!

"Ni halisi," alisema. "Wiki iliyopita ningekichukua hapa hapa bila kubishana. Leo mkeo ana kisu kizuri cha jikoni."

Nikamwambia nambari bado ipo. Akasema nambari hukwambia ni kipi, haikwambii kiko vipi. Nikamwambia herufi zinaweza kusuguliwa. Akasema kila nitakachofanya sasa kitaharibu zaidi. Nikamwambia yeye ni mtu wa kiburi. Hakukataa. Athman alinifungia kisanduku taratibu, akanishika bega, akaniambia pole. Hakuna kinachonikasirisha kama mtu kunionea huruma kwa Kiswahili kizuri.

Nilishuka Kangemi nikajaribu kukibadilisha kwa mbuzi. Mbuzi yeyote. Watu wanne walikikataa, na wa tano akaniuliza kama hicho kisu si cha mama mmoja wa Uthiru, kwa sababu alama anaijua.

Nimekirudisha jikoni kabla hakijatafutwa. Nyumbani pamejaa. Hema limesimamishwa, viazi vinamenywa. Hannah ameniambia kesho mapema nimtoe mbuzi kwa daktari, wazee wa Nyahururu wameshaanza safari. Nikasema sawa. Ciru alipita na beseni la mchele, akasimama, akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia baba hawezi kukosa kuwa sawa siku kama hii. Sijui kesho nitamtazama vipi. Yote haya yameletwa na mwenye nyumba wa Mountain View.

Jumamosi, 19 Agosti

Wageni walipofika nilikuwa chooni. Nilijifungia humo nikisema ni tumbo. Nilisikia magari, nikasikia nyimbo langoni, nikasikia yule mjomba akiuliza kwa sauti ya juu, mbuzi yuko wapi. Akauliza tena. Nyimbo zikakatika. Nilisikia Hannah akiniita jina langu kamili, na nilitamani mlango wa choo uwe wa chuma.

Kisha mbuzi akalia.

Nilichungulia. Dedan alikuwa anaingia langoni na koti lake jeupe la bucha, anamvuta beberu mweusi, sikio jeupe, mnene kuliko alivyoondoka. Yule yule! Akawaambia wazee kwamba daktari amempa ruhusa mgonjwa, kikohozi kimeisha. Akanikonyezea jicho mimi niliyekuwa nusu nje ya choo.

Kwa hivyo mtu wa bucha ni Dedan. Alimnunua kwa Nzula siku ile ile, akalijua sikio, na Jumapili ile alikaa mezani kwangu anakula, anaponda kisu changu, na mbuzi yuko nyuma ya bucha yake anatafuna. Wiki mbili ameniacha nikonde! Nilitoka chooni nikamwambia yeye ni nyoka. Akaniambia nifunge zipu, wazee wananiangalia.

Mbuzi alichinjwa, akachomwa. Ikafika saa ya kukata. Visu vyote vikaletwa kwenye sinia, na Mama Milcah akasema mwenye akili achukue chenye H.W. Nilianza kusema hapana, hicho si cha kazi hii. Hannah akasimama. Hannah, ambaye huogopa kusema hata kanisani, akawaambia wazee wote kwamba baba Ciru hana kazi, kila mtu anajua, lakini alijinyima akanunua kisu hiki kwa ajili ya Kuria na akakificha ili asisifiwe.

Kuria akakishika. Ukikosa kiungo ukagonga mfupa wazee watakucheka na kukutoza faini, na yule mjomba alikuwa ameinama mbele kabisa, anangoja. Kisu kilipita kwenye bega mara moja. Hakuna sauti. Ciru alikuwa amesimama karibu naye, amefumba macho, na aliposikia vigelegele akafumbua na kucheka kama alivyokuwa akicheka akiwa mdogo. Lazima niandike kwamba nilijipangusa macho kwa kiganja. Moshi ulikuwa mwingi.

Yule mjomba aliinuka, akavuka uwanja wote, akanipa mkono. Akasema mzazi anayenoa kisu mwenyewe kwa ajili ya mkwe ni mzazi wa kuoa kwake. Kisha Hannah akasema kisu ni cha Kuria, aende nacho. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ningefanya nini? Nimepiga makofi nikiibiwa.

Walinivisha blanketi, zawadi ya baba ya bibi harusi. Nikaketi nalo mabegani mvua ikinyesha, watu wakiniita mzee wa busara, na toleo la mia tano likikata kachumbari.

Jumapili, 20 Agosti

Ciru alikuja mchana, peke yake. Alikaa karibu nami kwenye kochi, akaniambia jambo ambalo limenivuruga.

Alijua. Tangu ile Jumapili ya rangi ya raba. Usiku huo alimfuata Dedan, Dedan akamwonyesha mbuzi. Dedan alitaka kumleta siku ya sherehe na kueleza hadithi yote mbele ya wazee, apate cha kucheka mwaka mzima. Ciru alimsihi. Dedan akasema mbuzi alimnunua kwa haki, si wa kutoa bure. Kwa hivyo Ciru akampa simu yake. Ile yenye kamera, aliyonunua kwa mshahara wake wa kwanza, ambayo alikuwa anailalia chini ya mto. Mbuzi mmoja na kunyamaza, kwa simu moja. Hata Kuria hajui simu iko wapi. Amemwambia ilianguka kwenye beseni la maji.

"Sikutaka wakuseme, Baba," alisema. "Siku hiyo ilikuwa yangu lakini pia ilikuwa yako."

Nilitaka kumwambia jambo, lilikuwa linakuja kabisa, lilifika hapa kooni. Kisha nikafikiria ile simu. Simu yenye kamera kwa beberu mmoja! Amelaliwa vibaya sana kwenye bei. Nikamuuliza kwa nini hakunishirikisha kabla ya kukubali, kwa sababu ningeanza na simu yangu ya zamani isiyo na kifuniko, na Dedan angechukua. Kubadilishana ni kipaji, nikamwambia, na inasikitisha kwamba hakukirithi kwangu.

Ciru alinitazama, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akafuta macho. Ya kucheka, nadhani. Akanibusu kwenye kipaji cha uso, akaniambia nijifunike vizuri jioni kwa sababu lile blanketi aliliteua yeye mwenyewe, alizunguka maduka ya mjini siku nzima akitafuta zito, anajua baridi ya nyumba hii. Akaenda kwa mumewe.

Nimekaa nikiliangalia hilo blanketi. Ni zuri kweli. Na kwenye ukingo, karibu na kona, nimeona kilebo kidogo kilichodariziwa, si kuchapishwa, kudariziwa: kiwanda kimetimiza miaka hamsini, na chini yake, 37/300.

Mia tatu tu! Na nambari iko chini ya hamsini!

Nimelikausha, nikalikunja kwa mikunjo yake ya kiwandani, nikalirudisha kwenye nailoni lake. Liko juu ya kabati. Manyunyu yameanza tena, na Hannah yuko kitandani ananiuliza kwa nini nimevaa makoti mawili na meno yanagongana wakati mtoto ametununulia blanketi. Nimemwambia asiliguse, wala Mama Milcah asiingie chumba hiki. Nyumba nzima hakuna anayejua thamani ya kitu.